Doa Mbele ya Kaole

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuangalia bahari kutoka angani, swali lao la kwanza huwa ni kama ninaweza kuwaona wakiogelea. Siwezi. Mtu simwoni, ngalawa siioni, hata rangi ya maji siijui. Picha ninazoletewa na setilaiti ni za kijivu, zimejaa chengachenga, na asiyezizoea atadhani ameonyeshwa televisheni mbovu. Rada iliyo kule juu haihitaji mwanga. Inatuma mawimbi yake chini, yanagonga maji, kisha inapima ni kiasi gani kimerudi. Maji yenye vijiwimbi hurudisha mengi, kwa hiyo hutoka ya kijivu. Maji yaliyolala hayarudishi kitu, kwa hiyo hutoka meusi. Na mafuta yakimwagika baharini huyalaza maji. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Nimeisomea miaka, na naweza kumweleza shangazi yangu kwa muda wa kumenya kitunguu.

Kinachonikosesha raha ni kwamba mafuta hayako peke yake katika kazi hiyo. Upepo ukikatika, maji hulala. Mvua ikipiga sana sehemu moja, maji hulala. Hata kundi kubwa la samaki likipita karibu na uso wa bahari linaweza kuacha utando wake, na mtu akaudhani ni uchafu wa meli. Kila asubuhi nakuta madoa. Moja huenda ni la meli iliyosafisha matangi yake ikidhani haionekani, na jingine ni asubuhi tu isiyo na upepo, na yote mawili ni meusi vilevile. Anayetakiwa kusema lipi ni lipi ni mimi, na natakiwa kusema mapema, maana taarifa ya mafuta ikichelewa haimsaidii mtu yeyote.

Nami nilizaliwa na wasiwasi. Nikifunga mlango wa nyumba nafika kituo cha basi, kisha narudi kuutikisa. Mtu asipopokea simu yangu mara mbili, nakuwa nimeshamzika. Mtu wa namna hii hakufaa kupewa kazi ya kutofautisha utulivu na hatari, lakini ndiyo niliyopewa, katika ofisi ya ghorofani Dar es Salaam ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine. Bahari yenyewe siioni mpaka niende nyumbani Bagamoyo.

Katika kazi yetu, hakimu ni upepo. Kama upepo ulikuwa unavuma wakati setilaiti inapita, na bado pana doa jeusi, basi pana kitu juu ya maji. Kama upepo haukuwepo, doa halina maana. Unaandika "uwezekano mdogo" na kwenda kwenye picha inayofuata. Makadirio ya upepo tunayapata kutoka kwenye kompyuta kubwa za nchi za mbali, ambazo kwao maji yote yaliyo kati ya Bagamoyo na Unguja ni visanduku vichache tu kwenye ramani. Yanajua upepo wa bahari kuu. Hayajui kwamba kwetu alfajiri hutoka bara kiupepo chembamba tunachokiita umande, kwamba hukatika jua likishapanda, na kwamba kuna muda wa asubuhi ambapo bahari hutulia kabisa kabla upepo wa baharini haujaamka.

Mama yangu anayajua hayo. Mama analima mwani Kaole, hapohapo Bagamoyo, yeye na wanawake wenzake wa kikundi. Maji yakitoka wanaingia kwenye mashamba yao, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi, na maji yakirudi wanatoka. Tangu nikiwa mdogo sijamwona akiuliza mtu habari ya bahari. Watu ndio humuuliza yeye.

Kumpigia simu kwa ajili ya kazi kulianza bila kukusudia. Siku moja nilikuwa na doa karibu na nyumbani, kompyuta ikisema upepo ulikuwa wa kutosha, na mimi nimekaa nalo roho juu. Nikampigia mama kumsalimia tu, kujituliza. Katikati ya maongezi akalalamika kwamba asubuhi ile bahari ilikuwa imelala mpaka inzi wamewasumbua. Nikatazama picha tena na kila kitu kikakaa mahali pake. Tangu hapo, nikipata doa upande wetu, nampigia. Kwenye fomu ya taarifa kuna sehemu ya habari kutoka eneo husika, nami nilikuwa naandika humo "mtoa habari wa kuaminika". Hakuna aliyewahi kuniuliza mtoa habari huyo ni nani. Na mama alivyoifurahia kazi hiyo, aliwatangazia Kaole nzima kwamba ile mashine ya angani haiwezi kuona vizuri mpaka yeye aisaidie.

Sasa nije kwenye Jumatatu yenyewe, ambayo nimeizunguka mpaka hapa kwa sababu sipendi kuifikia.

Ilikuwa miezi ya joto, kabla ya masika, na bamvua lilikuwa linaanza, yaani zile siku maji hutoka mbali na wanawake wa mwani hupata muda mrefu wa kazi. Mwenzangu ambaye huziandaa picha kabla hazijanifikia alikuwa amelazwa na homa. Bosi alikuwa na mkutano na alitaka taarifa kabla ya saa nne. Nikalifungua faili mwenyewe kama lilivyoshuka, na kitu cha kwanza nilichokiona ni doa mbele ya Kaole. Lilikuwa refu na jembamba, limelala sambamba na pwani, lina kichwa kipana na mkia unaopotea kuelekea kusini, upande ambako meli husubiri zamu ya kuingia bandarini. Shwari ya upepo kwa kawaida huja kama eneo pana lisilo na kingo. Hili lilikuwa na kingo.

Lakini halikuwa mbali na pwani, na karibu na pwani mambo huchanganyika, nikajiambia. Nikatazama muda ulioandikwa pembeni mwa picha, nikachukua simu.

Mama alipokea akiwa majini. Simu yake huivalisha mfuko wa plastiki na kuining'iniza shingoni, kwa hiyo sauti yake hunijia kama anaongea kutoka chini ya blanketi. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mbona mapema, kuna heri? Nikasema heri tu.

"Saa tatu leo, bahari ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Shwari. Shwari hasa. Tangu tumeingia naona vidole vyangu vya miguu. Alfajiri ndiyo kulikuwa na umande, tena mkali, moshi umenitoa machozi jikoni, lakini—"

"Basi mama, inatosha. Saa tatu shwari?"

"Shwari, mwanangu. Si nimekwambia?"

Nikamshukuru, nikakata. Nakumbuka mabega yangu yalishuka. Nilikuwa nimepata jibu nililolitaka, na mtu mwenye wasiwasi akipata jibu analolitaka hageuki nyuma. Nikaandika uwezekano mdogo, nikaandika mtoa habari wa kuaminika, nikatuma kabla ya saa nne, na bosi akanijibu kwa neno moja la asante.

Alasiri mama akanipigia yeye. Wavuvi waliorudi mchana wamesema huko nje wamesikia harufu ya mafuta, akaniambia, na wanawake wana hofu. Kamba nyingi za kikundi zilikuwa zimekaribia kukomaa. Baadhi walitaka kuvuna kesho yake asubuhi, wachukue kilichopo kabla mambo hayajaharibika. Wengine walisema bado wiki moja mwani unenepe, ukivunwa sasa mnunuzi ataukataa. Walikuwa wamemwambia mama amuulize mwanawe.

"Picha inasemaje?" akauliza.

Nikamwambia picha haina kitu, ni ile shwari tu. Nilisema kwa sauti ya ofisini, ile ninayoitumia kwa watu wanaonihoji. Mama aliridhika, akasema atawaambia wenzake watulie. Leo nikifikiria najua nilichokifanya alasiri ile. Nilimrudishia mama maneno yake mwenyewe, nikiyaita ya setilaiti, na yeye akayapeleka kwa wenzake kama ushahidi.

Jumanne sikuwa na amani. Nililifungua lile doa mara nne. Ule mkia ulinisumbua. Nilijaribu kulikuza, kulipima, kulilinganisha na shwari nyingine za nyuma, na kila mara nikafika kwenye sentensi ileile, kwamba saa tatu bahari ilikuwa shwari. Nilikagua kila kitu isipokuwa hiyo saa tatu.

Jumatano, karibu na adhuhuri, simu ya mama ikalia. Hakunipa hata nafasi ya kuamkia.

"Mwani unanuka gereji," akasema.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Maji yalipotoka wameona utando wa kahawia umetambaa kwenye kamba za upande wa nje. Ukishika mwani, mkono unabaki na weusi. Kuna mabonge madogo ya lami mchangani, watoto wameshayakanyaga. Kamba za nje ndizo zilizokuwa zimekomaa. Nikamuuliza maswali ya kikazi, upana wa utando, unene, rangi, naye akayajibu yote.

"Nilikwambia shwari," akasema. "Nilitazama vibaya, mwanangu. Nisamehe."

Nikamwambia nakuja. Kabla ya kuzima kompyuta nikalifungua faili la Jumatatu, nadhani nikitafuta kitu cha kunitetea, na ndipo nikaona muda ule pembeni kwa macho mengine. Picha zikishuka kutoka angani huja na saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya kwetu kwa saa tatu. Kila siku mwenzangu ndiye huugeuza muda kabla picha haijafika mezani kwangu. Jumatatu hakuwepo. Pembeni paliandikwa sifuri tatu na dakika zake. Ukiongeza tatu unapata sita ya Kizungu, na sita ya Kizungu ya asubuhi kwetu ni saa kumi na mbili, jua ndiyo kwanza linachomoza. Mimi niliona tatu, kichwa changu cha nyumbani kikasema saa tatu, na nikampigia mama kumuuliza saa tatu.

Setilaiti ilipita saa kumi na mbili, wakati umande unavuma, tena mkali, umemtoa mama machozi jikoni. Palikuwa na upepo, na palikuwa na doa. Mama alikuwa ameniambia. Nilimkatisha.

Nilikaa pale nikiukodolea macho muda ule pembeni. Mtu wa meza ya jirani akaniuliza kama niko salama, nikamwambia nyumbani kuna tatizo. Ningeweza kwenda mlango wa pili nikamwambia bosi. Sikwenda. Nilichukua mkoba nikashuka ngazi.

Njia nzima hadi Bagamoyo nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, na nilipofika nilikuwa nayo yamekamilika. Nikapanda bajaji mpaka Kaole, nikamkuta uani ameketi kwenye mkeka, mikono yake ameisugua kwa majivu mpaka imekuwa myekundu na bado kucha zina weusi. Nikamwamkia. Akaniitikia bila kuninyanyulia macho, mama yangu ambaye nikirudi nyumbani hunipokea njiani. Maneno yangu yote yaliyopangwa yakapotea. Nikaingia ndani kubadilisha nguo, nikajiambia kesho.

Alhamisi maji yalitoka karibu na saa sita na nikaingia na wanawake wa kikundi. Wanawake walikuwa kumi na kitu. Tulifungua kamba za nje moja baada ya nyingine, tukauvua mwani uliochafuka na kuujaza kwenye viroba ili ukafukiwe nchi kavu. Kila mmoja alikuwa na kamba zake na alijua aliifunga ipi siku gani, kwa hiyo kila kiroba kilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu. Walinipa pole ya safari, wakaniuliza hali ya mjini, na mmoja akanifunga kitambaa puani kwa sababu harufu ilikuwa imeanza kuniumiza kichwa.

Kuna desturi katika kikundi kile ambayo niliikuta na sikuwahi kuifikiria. Wakulima wa mwani hufanya kazi wameinama, na aliyeinama haoni maji yanaporudi. Kule kwetu maji yakirudi hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, baina yako na pwani, na asiyekuwa makini hujikuta amezungukwa. Kwa hiyo mmoja wao hukaa upande wa nje kabisa, anafunga kamba zake huku anatazama bahari, na ndiye anayesema muda umefika. Akisema, hakuna anayebisha wala anayeomba amalizie kamba. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, mtu huyo alikuwa mama.

Siku ile, tulipokuwa hatujaanza, mama alikwenda kwa mwanamke mmoja mdogo kwake kwa miaka mingi, wa rika langu, akamshika mkono na kumpeleka upande wa nje.

"Kaa wewe hapa," akamwambia. "Mimi macho yangu yamechoka. Nimeona shwari pasipo na shwari, kesho nitaona maji yametoka na kumbe yanarudi, niwazamishe watoto wa watu."

Yule mwanamke akakataa, akasema hilo haliwezekani. Mwenyekiti wa kikundi naye akakataa. Mama akasisitiza, kwa upole, na wakaishia kukubali. Akaja akasimama katikati ya shamba, karibu na mimi, na kuinama. Nilikuwa nimeshika kamba. Nilijua ukweli wote, nilikuwa na mdomo, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nikainama kuvua mwani. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijitetea moyoni kwamba nikisema pale nitamfedhehesha mbele za watu, kwamba kuna kazi yangu, kwamba kuna bosi. Ukweli ni kwamba niliogopa tu.

Jioni, baada ya mama kuswali alasiri, nikamkuta anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia macho yake hayana kosa. Nikamweleza habari ya saa ya Greenwich na saa yetu, mwenzangu mgonjwa, tatu na kumi na mbili, nikamkumbusha jinsi alivyoniambia habari ya umande na moshi jikoni na mimi nikamkatisha. Nilieleza kwa haraka na kwa kirefu, nikirudia, kama mtu anayejaza maji kwenye pipa lililotoboka. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiwa vimesimama juu ya mchele.

"Umeyajua lini haya?" akauliza.

"Jana. Kabla sijaondoka Dar."

"Kabla hujaondoka Dar." Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Na leo ukanitazama namkabidhi mwenzangu nafasi yangu."

"Nilikutazama, mama."

Hakulia wala hakufoka. Aliendelea kuchagua mchele muda mrefu kuliko mchele ule ulivyohitaji, mpaka nikaanza kutamani anipige, kwani nilipokuwa mdogo alinipiga kwa makosa madogo kuliko hilo. Mwisho akasema kwamba mafuta ni ya meli, na ya meli atayasamehe kwa sababu hamjui mwenye meli. Lakini usiku wa jana alikuwa amelala akijiona mzee, akihesabu siku alizowaongoza watu baharini na macho mabovu, na mimi nilikuwa chumba cha pili ninajua. Hilo hakuwa na neno la kuliwekea.

"Utawaambia mwenyewe," akasema. "Usipite nyumba kwa nyumba. Utawaambia kule majini, tukiwa wote."

Ijumaa hawaingii baharini. Nikaitumia siku hiyo kumpigia bosi na kumweleza yote. Akasema niandike taarifa ya masahihisho na niseme wazi kosa lilikuwa la nani na lilitokea vipi, na kwamba kuanzia sasa hakuna habari ya kupiga simu nyumbani; upepo tutauchukua kwenye kompyuta kama wengine wote. Nikamwambia mtoa habari hakukosea, aliyekosea ni mimi. Akasema ameelewa, ila amri ni hiyo. Meli iliyofanya hivyo haijulikani hadi leo. Kwa picha ya Jumatatu peke yake, na siku zile zilizopotea, waliofuatilia waliniambia hapakuwa tena na pa kuanzia.

Jumamosi bamvua lilikuwa linakaribia kwisha na maji yalitoka mchana, hayakwenda mbali sana. Tuliingia wote. Maji yalikuwa ya magotini. Nikaomba wanisikilize, na wakasimama na kamba zao mikononi. Niliwaambia kila kitu, kwa maneno machache kuliko niliyomwambia mama, kwa sababu nilikuwa nimejifunza. Nilisema nilisoma saa vibaya. Nilisema mama alinipa jibu sahihi kwa swali lililokosewa, na alinipa hata jibu la swali sahihi ambalo sikumuuliza. Nilisema nilijua tangu Jumatano na sikuwaambia.

Mwenyekiti aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo Jumanne tungevuna?"

"Jumanne mngevuna," nikamwambia.

Akatikisa kichwa pole pole. Mwanamke mmoja aliyekuwa amepoteza kamba nyingi kuliko wote akanigeuzia mgongo na kuanza kugonga kigingi, na aligonga muda mrefu. Mwingine akasema basi, yameshatokea, kazi iendelee. Sikusamehewa siku ile na sidhani kama ingenifaa kusamehewa siku ile. Walirudi kwenye kamba, tukaanza kufunga mbegu mpya kwenye mistari ya ndani ambako mafuta hayakufika.

Lakini yule mwanamke aliyepewa nafasi ya mama hakurudi kwenye kazi. Alikuja akipasua maji mpaka pale mama alipoinama, akamwambia, "Shangazi, nafasi yako ile pale." Mama akasema hapana, kaa tu. Yule akasema hakai, kwamba tangu Alhamisi anaona kizunguzungu kwa hofu ya kukosea. Baadhi wakacheka, kicheko cha kwanza tangu nifike. Mama akaikusanya kanga yake, akaenda upande wa nje, akasimama mahali pake na kuanza kufunga mwani huku uso wake umeelekea bahari.

Nikajisogeza nikafanya kazi karibu naye. Hakunikataza. Tulifunga kamba mbili nzima. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho, na nikaanza kuhisi ule uzito wa tangu Jumatatu unapungua, nikajiambia kumbe inawezekana kurudisha kitu ulichokiharibu, ukisema tu ukweli mbele za watu.

Kisha mama akasimama wima. Akatazama nje, akatazama mkondo nyuma yetu, akatazama tena nje. Alifungua mdomo, nikangoja atoe sauti ile ninayoijua tangu utotoni, inayowafanya watu wazima waache kamba zikining'inia na kuondoka. Wenzake wachache walikuwa wameshamwona amesimama, nao wakanyanyua migongo wakisubiri. Mama akaufunga mdomo. Akanigeukia mimi, ninayeishi ghorofani, nisiyeiona bahari mwezi mzima, akaniinamia karibu ili wengine wasisikie.

"Eti mwanangu," akaniuliza, "maji yanarudi, au naona vibaya?"

Nikatazama miguu yangu. Maji yalikuwa yamepita magoti.

"Yanarudi, mama," nikamwambia.